Kinyoosheo cha Asteria

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu wenyewe wanajijua, na viongozi wake ni watu wasiopenda makuu. Humo watu walitembea kama walivyojaliwa, mpaka mwaka ule Mheshimiwa Rais aliporudi kutoka safari ya nje. Huko alikokwenda alikuwa amekaa siku nne dirishani, ghorofa ya kumi na tisa, akiwatazama watu wakienda kazini. Aliporudi alihutubia taifa kwa saa tatu. Alisema wenzetu hawatuzidi akili, wala ardhi, wala mvua. Wanatuzidi hatua. Wao wakipiga moja sisi tunapiga moja na nusu, ndiyo maana wao wameshafika na sisi bado tuko njiani.

Wananchi walipiga makofi, maana hotuba ilikuwa imekwisha. Baada ya wiki mbili ikaundwa Wizara ya Mwendo na Hatua. Wizara ikatangaza kwamba hatua halali ya mtu mzima ni sentimita tisini, na kila kata ikapelekewa Afisa Hatua mwenye tepu ya kupimia, daftari na suruali mbili za kaki. Wajawazito walipunguziwa sentimita tano. Walevi waliambiwa wasubiri, watapimwa pombe ikiisha.

Fundi Gervas Luhanga, seremala wa milango na madirisha katika mji mdogo wa milimani, hakuyafuatilia sana mambo hayo. Mwaka huohuo mkewe alianguka.

Asteria alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye sauti iliyosikika madarasa matatu. Alianguka mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi, na watoto wakacheka kwanza, wakidhani anawafanyia mchezo. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali maneno yalikuwa yanamtoka kwa kuvutwa, mkono wa kushoto ukarudi kidogo kidogo, lakini miguu ilikataa. Nyayo zilielekea chini, vidole vimejikunja, na kila wiki zilikaza zaidi. Muuguzi wa zahanati, Domitila, alimwonyesha Gervas namna ya kuzinyoosha: shika kisigino, sukuma unyayo uelekee gotini, hesabu mpaka thelathini, achia, rudia.

"Mara ngapi?" Gervas aliuliza.

"Mpaka uchoke, halafu tena. Ukiacha siku mbili unaanza upya."

Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo kazi yote ilikuwa yake. Asubuhi alinyoosha kabla ya kwenda karakana, hapo mbele ya nyumba, mchana alirudi akanyoosha, jioni akanyoosha tena, na kila siku mikono yake ilichoka kabla hajataka kuacha. Mwishowe alijifungia uani siku tatu. Akatoka na kitu cha ajabu: ubao wa mninga wenye urefu wa mguu, kibao cha kukanyagia chenye bawaba, mikanda iliyokatwa kwenye mpira wa baiskeli, na ubavuni gurudumu dogo la meno lenye mpini. Mgonjwa analala, mguu unafungwa, mwenzake anazungusha mpini, kibao kinapanda na unyayo unapanda nacho. Meno ya gurudumu yanaushikilia pale ulipofika, mikono ikapumzika.

Asteria alikipa jina siku ya kwanza. Alikiita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolisema kuliko yote akiwa amefungwa juu yake.

"Taratibu, fundi."

"Nimegusa tu, mwalimu."

"Umegusa sana. Rudisha jino moja."

Anarudisha jino moja. Anamtazama usoni, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba uso wake unasema kabla ya mdomo. Akiona nyusi zimetulia, anasogeza tena. Walikaa hivyo saa nzima, mara tatu kwa siku, yeye ameshika mpini na mkewe akimsimulia mambo ya wanafunzi wa zamani: nani alikuwa akila chaki, nani alikuwa akilia akiambiwa asome kwa sauti.

Mwezi wa tano visigino viligusa sakafu. Mwezi wa sita alisimama ameshika dirisha. Mwezi wa saba alisema, "Chai yako nimeinywa miezi saba. Sisemi mbaya. Nasema nataka kupika yangu."

"Majani naweka vijiko viwili."

"Unaweka, halafu unaisahau jikoni inalia peke yake."

Jumamosi ile alikwenda. Kutoka kitandani mpaka jikoni ni hatua chache sana kwa mtu mzima, na yeye zilimchukua muda wa mtu kwenda sokoni na kurudi. Gervas alirudi kinyumenyume mbele yake, mikono amefungua, bila kumgusa. Alipika chai, akaimimina mwenyewe nusu kikombeni nusu mezani, wakainywa wamesimama, kwa sababu kukaa ilikuwa kazi nyingine.

Wiki iliyofuata alikuja Afisa Hatua wa kata.

Jina lake Kasiani, kijana wa miaka thelathini hivi, ambaye Asteria alimfundisha kusoma. Alimwamkia mwalimu wake kwa heshima, akavua kofia, kisha akaomba radhi kwamba lazima ampime. Asteria alipiga hatua moja kutoka mlangoni. Kasiani akapiga magoti na tepu yake. Sentimita ishirini na mbili. Akafungua daftari: mwaka jana, sifuri. Alitoa kikokotoo ili apate asilimia ya ongezeko, akagawanya kwa sifuri, kikokotoo kikagoma. Akajaribu tena, kikagoma tena. Basi akaandika kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na Asteria mwenyewe: *Ongezeko lisilohesabika.*

"Mwalimu, umetumia nini?"

Asteria, kwa fahari ya mke, akamwonyesha.

Taarifa ile ilipanda kutoka kata hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, na kila meza ilipofika ilisomwa na mtu ambaye hakuwa na ongezeko lolote la kuripoti. Siku ya tisa Waziri wa Mwendo na Hatua mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Polikarpo Nguzo, aliteremka mbele ya karakana na magari kumi na moja. Alitembea hatua ndefu mno, kama cheo chake kilivyomtaka, hata aliupita mlango wa nyumba ikabidi arudi.

"Wananchi," alisema, akiwa amesimama juu ya benchi la randa, "kwa miaka mingi tumeambiwa tukaze. Tulikaza mikanda, tulikaza buti, tulikaza uzi. Leo ninasimama kuwaambia kwamba hilo lilikuwa kosa la kitaalamu. Taifa halikazwi. Taifa linanyooshwa!"

Kinyoosheo kilifungwa ndani ya bendera na kupakiwa gari la tatu. Gervas alipewa cheti chenye jina la Gervasi Luhaga, Mvumbuzi wa Taifa, na picha ya Rais akiwa anavuka mtaro. Waliambiwa chombo kinakwenda kufanyiwa utafiti wa wiki mbili.

"Na mimi, mheshimiwa?" Asteria aliuliza kutoka kitini. "Hizo wiki mbili nitanyooshwa na nini?"

Waziri aliinama akamshika bega. "Mama, wewe ndiye mwananchi aliyenyooka kuliko wote. Sasa uwaachie na wenzako."

Watu walipiga makofi. Gervas naye alipiga, na mpaka leo hajui kwa nini.

Jioni ileile alianza kutengeneza kingine. Alikimaliza siku ya nne. Siku ya tano Kasiani akaja, hakuvua kofia mara hii, maana mikono yake ilikuwa na karatasi. Sheria ya Kinyoosheo ilikuwa imepita. Chombo kile sasa kilikuwa mali ya umma, na mtu asiye na kibali hakuruhusiwa kukitengeneza, kukimiliki wala kunyoosha kiungo chochote, chake au cha mwingine.

"Kibali kinatolewaje?" Gervas aliuliza.

"Mgonjwa anafika wizarani mwenyewe, kwa miguu yake, kuthibitisha kwamba hawezi kutembea." Kasiani aliisoma mara ya pili, akimeza mate. "Ndivyo ilivyoandikwa, fundi. Lazima tufuate taratibu."

Asteria alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, ule uliokuwa mzima. "Kasiani," alisema, "ulikuwa mtoto mwenye akili."

"Nisamehe, mwalimu." Akakibeba kinyoosheo cha pili begani, akaondoka nacho.

Gervas alirudi kunyoosha kwa mikono. Alikuwa akifunga madirisha kwanza, kwa sababu sasa lilikuwa kosa la jinai mume kumshika mkewe mguu kwa nia ya kumnyoosha. Lakini hakupewa muda. Ilikuja barua ikimtaka Mvumbuzi wa Taifa afike mji mkuu, kwenye Maonyesho ya Hatua, kwa siku tano. Aliyeileta alikuja na askari wawili wa kumsindikiza kwa heshima.

"Nenda," Asteria alimwambia. "Domitila atakuja siku za mapumziko yake. Ukiwa huko uwaambie, fundi. Wewe ndiye unayejua. Watakusikiliza."

"Na nyayo zako?"

"Siku tano tu."

Huko mji mkuu siku tano ziliongezwa zikawa kumi, kumi zikawa wiki saba, kwa kuwa wananchi walipenda kumwona. Walimweka kwenye kiti, ndani ya ukumbi, kando ya sanduku la kioo. Ndani ya kioo kulikuwa na Taratibu. Walikuwa wameipaka rangi za bendera, na mpira wa baiskeli wameuondoa wakaweka utepe wa hariri. Siku ya pili mlinzi alipokwenda kula, Gervas alifungua kioo akagusa mpini. Alikaripiwa na msichana wa maonyesho, kwa upole. "Mzee, hicho ni cha mvumbuzi."

Upande wa pili wa ukumbi ilikuwapo mashine ya serikali, Kinyoosha-Taifa, iliyotengenezwa nje kwa chuma cheupe, ndefu kama meza ya harusi. Gervas aliizunguka mara tatu akitafuta mpini.

"Mpini ni teknolojia ya zamani," mhandisi alimweleza. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye kalamu nne mfukoni. "Hii ina mota. Unabonyeza hapa tu."

"Aliyelala akisema basi, nani anasikia?"

"Haina haja ya kusikia. Imepangiwa dakika kumi na mbili. Zikitimia, yenyewe inasema basi."

"Lakini kazi yote iko hapo," Gervas alisema. "Ubao ni ubao. Mimi nilikuwa namtazama uso."

Mhandisi alilifikiria jambo hilo kwa dhati. "Uso wa nani?" aliuliza.

Gervas alimwandikia Waziri barua ya kurasa mbili, akaeleza kwamba mashine ile itavunja watu. Alijibiwa siku ya tatu. Waziri alimshukuru sana kwa pongezi zake.

Ndipo akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Karani wa ruhusa alimpa fomu yenye sababu kumi zilizokwisha kuchapwa, achague moja. Kulikuwa na mke kujifungua. Kulikuwa na mke kufariki, namba saba.

"Wangu miguu inakaza," Gervas alisema.

Karani alipitisha kidole kutoka juu mpaka chini. "Hiyo haipo, mzee. Chagua kati ya hizi."

Gervas aliiangalia fomu kwa muda, akamrudishia bila kuandika kitu.

Aliandika barua nyumbani kila Jumapili. Asteria alijibu mbili, herufi zikiwa zimeinama zote upande mmoja. Katika ya kwanza alisema Domitila amehamishwa, amepelekwa kuhamasisha, na kwamba visigino vimeinuka kidogo, si sana. Katika ya pili alisema Kasiani amekuja na habari njema. Kinyoosha-Taifa inaletwa wilayani, naye amemwombea mwalimu wake awe Mnufaika Namba Moja. Amehangaika sana kupata nafasi hiyo, maskini, na masharti yote yamefutwa kwa ajili yake. *Nataka ukija unikute mlangoni,* aliandika. *Usiwe na wasiwasi. Nitawaambia taratibu.*

Barua hiyo Gervas aliipata siku ya Alhamisi. Alikwenda mbio mpaka kwa karani wa ruhusa. Alikuta karani anamtafuta yeye. Fomu ilikuwa imejazwa tayari, kwa wino mweusi, na alama ya tiki ilikuwa kwenye sababu ya saba.

"Hii sasa inakubalika, mzee," karani alisema kwa huzuni. "Siku nne, pamoja na za kusafiri."

Yaliyotokea alisimuliwa na Domitila, aliyetoroka kwenye uhamasishaji akaja kumwosha maiti. Aliyasema wakiwa wamekaa kwenye mkeka, bila kumtazama.

Walimbeba Asteria mpaka uwanjani akiwa amevaa gauni lake la kijani. Mkuu wa Wilaya ndiye aliyebonyeza. Kisha akaanza hotuba, na hotuba yake iliandikwa iwe ya dakika kumi na mbili, ili viishe pamoja. Bendi ya shule ilikuwa inapiga. Watu wa mbele waliona mdomo wa Asteria unatembea wakadhani anaimba, na kwa kuwa wengi alikuwa amewafundisha nyimbo, wakaanza kuimba naye. Kasiani alikuwa nyuma, anazuia watoto. Yeye ndiye aliyekimbia. Alibonyeza kila kitu kilichoweza kubonyezwa. Mashine ilikuwa imebakiza dakika nne, na ikazimaliza.

"Nyonga zote mbili," Domitila alisema. "Na ndani damu ilivuja. Alikaa siku moja na nusu."

"Alisema nini?"

Domitila alikunja khanga mkononi. "Alikuuliza wewe. Mara nyingi. Alidhani umekwenda karakana. Akawa ananiambia nisikuite, una kazi ya watu."

Gervas aliitikia kwa kichwa. Akauliza kama maji ya waombolezaji yanatosha. Akaambiwa yanatosha.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Mafundi wenzake walimwomba awaachie, akakataa, na hakuna aliyemwona akilia. Mazishini alikuja mwakilishi wa wizara akasoma taarifa iliyokuwa imekwisha kutumwa juu. Ilisema kwamba Mnufaika Namba Moja alinyooshwa kwa mafanikio, na kwamba kuanzia tarehe ishirini na tatu hana tena tatizo lolote la kutembea. Alipofika hapo mwakilishi aliinua macho, kama mtu aliyezoea kungoja makofi. Ulisikika upepo tu, na mama mmoja akikohoa.

Mashine iliendelea. Ilikwenda kata kwa kata. Watumishi wa serikali ndio walioanza, ili wawe mfano, na baada ya mwaka mmoja ofisi nyingi zilikuwa zimehamishiwa chini, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupanda ngazi. Hatua ya wastani ya taifa ikashuka hadi sentimita thelathini na moja. Wizara ilikaa kikao cha dharura, ikapunguza urefu wa sentimita, na lengo likafikiwa kabla ya wakati. Rais alituma salamu za pongezi. Alizituma kwa redio, kwa sababu na yeye alikuwa amekwisha kunyooshwa.

Gervas alirudi kwenye milango na madirisha. Alifanya kazi nzuri, aliongea kidogo. Wateja waligundua kwamba kuna saa fulani tatu za siku ambazo fundi anaacha randa, anakaa kwenye benchi, mikono imelala mapajani, viganja vimetazama juu. Ukimsemesha saa hizo hakusikii. Ikipita saa nzima anasimama, anaendelea.

Siku moja mchana, akiwa amekaa hivyo, lango lilisukumwa. Aliyeingia alikuja kwa magongo mawili, akiburuta miguu, na alichukua muda mrefu sana kuvuka uwanja ambao ni mdogo. Alikuwa Kasiani. Maafisa Hatua walinyooshwa awamu ya kwanza. Suruali ya kaki ilikuwa imechakaa magotini.

Alisimama mbele ya benchi. Hakuamkia.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema. "Nilijaribu kutafuta namna ya kuuomba, sikuiona."

Viganja vya Gervas vilibaki mapajani.

"Nyayo zimegeuka, fundi. Hospitali wanasema niandike barua wizarani." Alitazama chini. "Sina kwingine."

Kuku alipita katikati yao akidonoa vumbi la mbao. Gervas aliwatazama wote wawili, kuku na mtu, kwa macho yaleyale. Alikuwa amelifikiria jambo hili mara nyingi, akiwa peke yake na randa: Kasiani akiingia langoni siku moja, na nyundo iko wapi. Nyundo ilikuwa palepale, karibu na goti lake.

"Kaa," alisema.

Kasiani alikaa kwenye gogo, kwa shida.

"Vua kiatu."

Alivua. Mguu ulikuwa umepinda na kukauka, vidole vimejikunja ndani, na kisigino hakikuwa kimegusa ardhi siku nyingi. Ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Gervas aliupokea kwenye mapaja yake. Alishika kisigino kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaanza kuusukuma unyayo, akawa anahesabu kimoyomoyo, macho yakiwa kwenye uso wa yule kijana. Alipofika kumi na nne uso ule ulikunjamana kwa maumivu, naye akalegeza papo hapo.

Mikono yake ilikuwa haijashika mguu wa mtu tangu siku ile askari walipokuja kumsindikiza. Ilikuwa inajua kila kitu. Ilijua mahali pa kukaza na mahali pa kungoja, na ilikuwa inaifanya kazi ile kwa upole uleule, kwa mtu ambaye si Asteria.

Gervas aliinamisha kichwa, paji la uso likagusa goti la Kasiani, na pale ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, mchana kweupe, majirani wakaja wakasimama langoni na magongo yao. Hakuuachia ule mguu. Kasiani alishika gogo kwa mikono miwili, akiogopa hata kupumua, asije akautikisa.